Grisi Ilipokauka

Maiti ya Waino Sormunen ilikuwa chali kwenye sakafu ya mbao, kichwa karibu na ndoo ya maji. Mguu mmoja ulikuwa na buti, mwingine mtupu. Tundu lilikuwa kifuani, upande wa kushoto. Gobore lake lilikuwa kando ya paja, mdomo umemwelekea mwenyewe.

Sajini LaFave alichungulia mara moja, akarudi nje kutema mate kwenye theluji.

"Kajimaliza," alisema. "Kauelekeza mdomo wa bunduki kifuani, kafyatua kwa kidole gumba cha mguu. Ndiyo maana kavua buti."

"Nani kakuuliza?" alisema Inspekta Verna Harjula.

"Nasema tu, bosi."

"Sema baadaye."

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Desemba, majira ya kuwinda kulungu kwa magobore. Huku kaskazini mwa Michigan, kwa Wafini wa kitongoji cha Salmela, majira hayo yanaheshimiwa karibu sawa na Krismasi. Wanaume wanayeyusha madini na kusubu risasi zao wenyewe kwenye kalibu, wanazipaka grisi waliyoichemsha wenyewe, halafu wanabishana mpaka Pasaka grisi ya nani ni bora. Mwaka huu hakukuwa na ubishi. Kulikuwa na maiti kwenye sauna, nyumba ya kuogea mvuke, na theluji iliyoanguka usiku kucha ilikuwa imefukia kila alama ya mguu uani.

Verna alivaa glavu akapiga magoti. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mchache wa maneno, mwenye uso ambao watu walidhani umenuna hata alipokuwa na furaha. Siku hiyo hakuwa na furaha. Alimjua Waino tangu utotoni. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kuteleza kwenye barafu.

Jikoni, Sylvi Sormunen alikuwa amekaa na koti lake mwilini. Mkate wa iliki aliotoka nao kwa binti yake ulikuwa mezani, haujafunguliwa. Jana theluji ilifunga barabara, akalala huko Houghton, akarudi asubuhi hii na kumkuta mumewe.

"Verna," alisema. "Usinizungushe. Alijiua?"

"Bado sijui, mama."

"Nimelala kitanda kimoja na yule mtu zaidi ya miaka arobaini. Kama alijiua, basi alikuwa analala na jambo hilo moyoni, na mimi niko pembeni nakoroma. Sitaki pole za watu. Nataka kujua kama aliniacha kwa kupenda kwake."

"Nitakuambia."

"Hata kama ni baya?"

"Hata kama ni baya."

Sylvi alitikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa makavu, na Verna aliumia zaidi kuyaona hivyo kuliko kama angelia.

Alirudi saunani. Nyumba hiyo ndogo ya magogo ilikuwa na vyumba viwili: cha mvuke, na cha kubadilishia nguo ambamo maiti ilikutwa. Verna alifungua mlango wa chumba cha mvuke. Kwenye benchi la juu palitandazwa karatasi ya nta, na juu yake risasi zilisimamishwa safu kwa safu, vichwa juu, kila moja nene kama ncha ya kidole. Zilikuwa zimepakwa grisi ya kahawia na kuachwa zikauke kwa joto la jiko. Pembeni kulikuwa na sufuria ya grisi iliyoganda: nta ya nyuki, mafuta ya kondoo, lami ya msonobari, na tapentaini kidogo ya kuilainisha. Verna alijua kwa harufu tu. Baba yake aliipika hiyo hiyo.

"Nini hiki tena?" aliuliza LaFave. Yeye kwao walikuwa Wafaransa, na mambo ya Wafini alikuwa akiyatazama kama mtu anayetazama jirani akila kitu cha ajabu.

"Grisi. Bila hiyo risasi inakwaruza mtutu. Unapaka kwa kidole, moja moja, kwenye vile vifereji. Halafu unaacha ikauke. Ikiwa mbichi inanasa kila kitu. Ikikauka unafuta ya ziada kwa kitambaa."

"Hii safu imefutwa."

"Ndiyo. Ya kwanza tu. Na kuna moja haipo."

"Iko kifuani kwa mzee."

"Huenda."

Verna aligusa ukingo wa sufuria kwa kidole. Glavu ilitoka na doa jeusi. Alilisugua kwenye theluji, akalisugua kwa sabuni ya kipande iliyokuwa dirishani. Doa halikutoka. Alisimama akilitazama, kisha akarudi haraka kwenye maiti na kugeuza mikono ya Waino kwa upole.

Viganja vilikuwa vyeusi. Lami ilikuwa imejaa kwenye kucha, kwenye mikunjo ya vidole, hadi kwenye vifundo.

"LaFave. Nipe ile soksi."

Sajini aliiokota kwa koleo ndogo. Ilikuwa soksi ya sufu ya kijivu, imefumwa nyumbani.

"Tafuta lami," alisema Verna.

LaFave aliigeuza na kuigeuza. "Haipo."

"Kwenye kamba za buti?"

"Hamna."

"Kwenye bunduki?"

LaFave aliinama, akanusa. "Hamna kitu. Inanuka mafuta ya taa. Imefutwa mpaka inang'aa."

"Sasa niambie," alisema Verna, "mtu mwenye mikono hiyo anafungua kamba, anavua buti, anavua soksi, anashika mtutu na kujielekezea. Halafu haachi hata doa?"

Taratibu LaFave alivua kofia yake, jambo ambalo hakulifanya alipoingia.

"Ameuawa," alisema.

"Ameuawa na mtu aliyejua lami haitoki kwa sabuni. Alinawa kwa mafuta ya taa, akafuta bunduki, ndipo akamvua mzee buti. Alikuwa msafi mno."

Kwenye mlango wa jikoni Verna alisita. Alitamani kumwambia Sylvi pale pale. Lakini jibu la nusu ni ukatili, kwa sababu anayelipokea atauliza nusu ya pili. Akauliza yeye kwanza.

"Mama, Waino alikuwa anapaka grisi na nani?"

"Na Ensio. Kila mwaka. Wewe si unajua."

Ensio Rautio alikuwa mdogo wake Sylvi, shemeji wa marehemu. Alikaa peke yake ng'ambo ya mto. Mkewe alikwenda zake zamani, mwaka uliofuata kifo cha mtoto wao wa pekee, Dale. Kijana huyo alipigwa risasi msituni akiwa na miaka kumi na tisa, majira kama haya, na aliyempiga hakujulikana. Tangu hapo Ensio alikula chakula cha Jumamosi mezani kwa dada yake, na kuoga sauna na shemeji yake, Jumamosi zote bila kukosa.

Walimkuta akipasua kuni.

"Binti Harjula!" aliita. "Baba yako hakuwa na shabaha, na wewe huna saa. Wenzako wako kanisani."

"Na wewe je, mzee?"

"Mgongo."

"Mgongo unapasua kuni?"

Ensio aliweka shoka chini. "Dada kanipigia simu. Nilikuwa najikusanya nije."

"Pole sana."

"Haya."

"Jana ulikuwa kwa Waino?"

"Nilikuwa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Kabla ya giza. Nilimwacha anachemsha grisi."

"Hukusaidia kupaka?"

"Jana hapana. Alitaka kuwa peke yake. Alikuwa kanyong'onyea." Alitazama upande wa mto. "Ningejua nisingeondoka."

"Risasi alizisubu nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Naomba nione mikono yako."

"Mikono?"

"Mikono, mzee."

Aliinyoosha. Ilikuwa myekundu, imechubuka kwenye vifundo, safi kama ya mkunga. Hata kwenye kucha hapakuwa na kitu. LaFave alisogeza pua.

"Mzee unanukia mafuta ya taa," alisema. "Ndiyo marashi ya Jumapili huku kwenu?"

"Ndiyo, ya kufukuzia Wafaransa," alijibu Ensio, na kwa kitambo kidogo wote watatu walikaribia kucheka. Kisha akasema alikuwa akirekebisha jiko.

Verna hakumkamata. Mikono safi si kosa la jinai. Aliingia garini. Alikuwa ameanza kuamini jambo asilotaka kuliamini, na bado hakuona sababu yake. Watu hawa wawili walipendana. Kitongoji kizima kilijua.

Simu ya daktari wa uchunguzi wa maiti ilimkuta njiani.

"Risasi nimeitoa," alisema daktari. "Kichwa kimebondeka, lakini kitako kizima. Kuna mstari mweusi ubavuni, umepinda. Nilidhani ni ufa. Kumbe ni mchoro, na ile grisi imeingia ndani yake."

"Umepinda vipi?"

"Kama ndoana ya samaki."

Verna alisimamisha gari. LaFave alimtazama.

"Bosi?"

"Tunarudi saunani."

Kwenye benchi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Zile risasi ambazo hazijafutwa zilikuwa kahawia tupu, huoni kitu. Lakini zile za safu ya kwanza, zilizokauka na kupitishwa kitambaa, kila moja ilikuwa na mstari mweusi ubavuni, umepinda kama ndoana. Kalibu yenye kasoro huacha mkwaruzo ule ule kwenye kila risasi, lakini risasi mpya inapotoka humo inang'aa mno, na mkwaruzo mwembamba hivyo haukupi sura yake. Unahitaji lami iingie humo, ikauke, halafu ufute.

Alikuwa ameuona mstari huo kabla. Kila mtu Salmela alikuwa ameuona. Polisi walipochoka kutafuta muuaji wa Dale, Ensio aliingia msituni mwenyewe theluji ilipoyeyuka, akaipata risasi iliyompitia mwanawe, imezama kwenye mti, akaichimbua kwa kisu. Ilikuwa na mstari ubavuni. Polisi walikusanya kalibu za kila mwindaji wa wilaya, zote wakazipima, hakuna iliyolingana. Walipomrudishia risasi hiyo, Ensio aliitia mfukoni akatembea nayo miaka kumi na moja. Aliwaonyesha watu dukani, kanisani, kwenye matanga. Watu walianza kumkwepa.

Verna alikwenda jikoni.

"Mama, Waino alikuwa na kalibu nyingine? Ya zamani?"

"Ipo moja," alisema Sylvi. "Niliipata wiki iliyopita nyuma ya ubao wa sauna, imefungwa kwenye soksi. Sijui kwa nini aliiweka kule. Ya Ensio ilikuwa imevunjika, nikampa. Asubu risasi za wote wawili." Alinyamaza, akamtazama Verna usoni. "Kwa nini unaniuliza?"

"Ulimwambia Waino kwamba umempa?"

"Nilisahau. Verna, kwa nini unaniuliza?"

"Nitarudi, mama. Nakuahidi."

Ensio alikuwa amekaa barazani kwake, kofia mkononi, kama anayesubiri basi. Hakubisha. Kituoni alisomewa haki zake, akasema hataki wakili. LaFave aliwasha mashine ya kurekodi.

"Ulisema risasi alisubu Waino," alianza Verna.

"Nilisema."

"Dada yako anasema kalibu alikupa wewe."

Ensio aliigeuza kofia yake mkononi.

"Ulisema uliondoka kabla ya kupaka grisi."

"Nilisema."

"Mzee Ensio. Risasi ya Dale iko wapi?"

Alitia mkono mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa kipande cha madini kilichobondeka, kimelainika kwa kushikwashikwa. Verna aliweka kando yake mfuko wa ushahidi wenye risasi moja kutoka kwenye benchi. Mistari miwili, mkunjo mmoja. Hakuhitaji darubini, ingawa baadaye wataalamu wangeitumia.

"Ulijua lini?"

"Zilipokauka." Sauti yake ilikuwa shwari kabisa. "Nilifika nazo kwenye kopo. Tukakaa. Yeye anapaka, mimi nasimamisha. Tunapiga soga. Nikamwambia, 'Kalibu yenyewe kanipa dada, sijui ulikuwa umeificha wapi.' Hakusema kitu. Alichochea grisi kidogo, akaendelea kupaka."

"Aliendelea?"

"Alizipaka zote. Moja moja, kwa kidole chake. Mimi sikuelewa. Nikamwambia, 'Shemeji leo umekuwa bubu, kakukatia ulimi nani?' Nilikuwa namtania, Verna. Yeye alishajua zikikauka nitaona nini. Angeweza kuipindua ile sufuria. Angeweza kunifukuza. Alipaka mpaka ya mwisho."

LaFave aliacha kuandika.

"Zikakauka," alisema Verna.

"Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta. Ya kwanza nikaona mstari. Nikasema macho yangu haya. Ya pili. Nikafuta safu nzima. Mkono wenyewe ulikuwa unaendelea. Halafu nikatoa ya Dale."

"Waino akasema nini?"

"Akasema, 'Nilidhani ni kulungu.'" Ensio alifuta mdomo kwa mgongo wa kiganja. "Basi. Alipoona ni Dale alikimbia, akaficha kalibu, nyinyi mkapima nyingine aliyowapa. Miaka yote ile, Jumamosi mimi namsugua mgongo, yeye ananisugua mgongo. Nikilia, ananishika bega. Yeye ndiye aliyenishika bega!"

Alipiga meza mara moja, kisha akautazama mkono wake kwa mshangao.

"Ndipo ukampiga."

"Bado. Alipiga magoti kwanza. Wewe umekulia kanisani kwetu, unajua. Mtu akikuungamia, humpi masharti. Unamwambia, 'Amini umesamehewa, kwa jina na damu ya Yesu.' Maneno machache tu. Nimewaambia walevi, nimewaambia wezi wa kuni. Waino akaniomba nimwambie. Nikafungua mdomo." Alisita. "Hayakutoka. Nilijaribu, haki ya Mungu. Hayakutoka."

"Halafu?"

"Akainuka, akaketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Gobore lake lilikuwa ukutani. Nikalichukua."

"Lilikuwa limejazwa?"

"Nani anaweka gobore lililojazwa saunani? Nililijaza mimi. Nikapima baruti. Nyingine ikamwagika, nikapima tena. Nikachukua risasi moja kati ya zile nilizofuta. Nikaishindilia. Nikatafuta fataki za kuwashia baruti, sikuziona."

"Ukazipata wapi?"

Ensio alimtazama muda mrefu.

"Yeye alinionyesha," alisema. "Kwa kidevu. Zilikuwa rafuni."

Mashine ya kurekodi iliendelea kuzunguka.

"Nilifanya polepole," alisema Ensio. "Sijui kama mtaniamini. Nilifanya polepole ili aondoke. Mlango haukufungwa. Mimi mzee, nina mgongo mbovu, angetoka tu nisingemfukuza. Nilikuwa namwomba moyoni, toka basi, toka, ewe mtu. Hakutoka."

"Na buti?"

"Sikutaka Sylvi ajue ni mimi. Nilidhani atabaki na mmoja wetu. Sikufikiria kwamba ninamwachia jambo baya zaidi." Akaanza kulia, bila sauti, mdomo wazi. "Mwambie hakujiua. Mwambie ni mimi."

Verna alizima mashine. Alikwenda chooni, akafungua bomba na kuacha maji yatiririke.

Alifika kwa Sylvi jioni ile ile. Binti alikuwa amekuja kutoka Houghton, yuko chumbani akipiga simu. Sylvi alikuwa bado jikoni, koti ameshalivua. LaFave alibaki karibu na mlango.

"Hakujiua, mama," alisema Verna. "Hakushika bunduki kabisa."

Sylvi alifumba macho. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu aliyechoka tu, si mtu wa mbao. "Asante," alisema. "Asante, Mungu wangu." Kisha akafumbua macho. "Nani?"

Verna alimwambia. Alimwambia yote kuhusu Dale, na kalibu, na mstari uliojitokeza. Sylvi hakulia wala hakumkatiza. Verna alipofika kwenye kalibu, mama yule aliinua mkono wake wa kulia kutoka mezani, akaushusha mapajani, akaufunika kwa ule mwingine.

"Mdogo wangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na Dale wetu."

"Ndiyo."

Maji yalichemka jikoni, hakuna aliyeyashughulikia.

"Verna. Gobore si bastola."

"Mama?"

"Baba alitufundisha kulijaza mimi na Ensio pamoja, tukiwa watoto. Unapima baruti. Unatia risasi. Unashindilia. Unaweka fataki. Hata ukiwa hodari, si kitu cha mara moja." Alimkazia macho. "Waino alikuwa anafanya nini muda wote huo?"

LaFave aliinamisha kichwa. Verna alifikiria kusema uongo. Angeweza kusema Waino alikuwa amempa Ensio mgongo, au kwamba gobore lilikuwa tayari limejazwa. Lakini asubuhi alikuwa ametoa ahadi, na mwanamke huyu angejua.

"Alikuwa amekaa kwenye benchi, mama."

"Mlango?"

"Ulikuwa wazi."

Sylvi aliinuka, akazima jiko. Alisimama amewapa mgongo, mkono bado uko kwenye swichi.

"Basi hujanijibu, Verna," alisema. "Nilikuuliza kama aliniacha kwa kupenda kwake."